Kitabu kilikuwepo, jina ndilo sikuwa nalo

Duka langu la kuchapa na kutoa kopi lipo Chake Chake. Ni chumba kimoja, komputa mbili, printa moja, na benchi la mbao nje wanapokaa wateja. Mtu huja na karatasi aliyoiandika kwa mkono, akaniachia, akaenda zake sokoni, na akirudi na mtungo wake wa samaki nimeshamaliza. Nachapa mikataba ya kuuziana mashamba, maombi ya kazi, mitihani ya skuli, ratiba za madrasa, risala za shughuli. Msimu wa karafuu ukiingia nachapa orodha za wachumaji: nani kachuma pishi ngapi, kalipwa kiasi gani, anadai kiasi gani. Kazi hii niko nayo mwaka wa 11 sasa.

Wiki hii watu wawili wameniuliza swali moja. Programu ninayotumia, LibreOffice, wameshaiweka kwenye komputa zao kwa sababu ni ya bure, lakini mafunzo yake wayapate wapi? Niliwajibu palepale kwa mdomo na nikaona sikuwatosheleza, maana jibu lenyewe ni refu na mimi lilinichukua karibu miezi minane kulipata. Ndiyo nimekaa leo kuliandika.

Nianze na ami yangu, maana bila yeye nisingekuwa na programu hii. Ami anasomesha madrasa. Siku moja alileta orodha ya watoto waliohitimu, niwachapie shahada. Nilipofungua komputa, juu ya ukurasa likatokea tangazo jekundu kwamba nakala ya programu niliyokuwa nikiitumia wakati ule, si hii ya sasa, si halali. Lilikuwa likitokea kila siku, mimi nimeshalizoea, nalifunga kama mtu anavyomfukuza nzi. Ami akauliza, "Mwanangu, hiyo inasema nini?" Nikamfasiria. Akauliza, "Kwani hukuinunua?" Nikamwambia ami, hii kila mtu anaitumia hivi hivi, inapitishwa kwa flashi. Akanitazama, akasema, "Sikukuuliza kila mtu."

Hakuongeza neno. Alichukua karatasi zake, akalipa, akaenda zake. Mimi usiku ule sikulala vizuri. Riziki yangu na ya wanangu ilikuwa inapitia kwenye kitu ambacho mwenyewe hakukiridhia.

Mtoto wa dada yangu anasoma Unguja. Alipokuja likizo nikamweleza, akanichomekea flashi yake na kunifungulia LibreOffice. Faili lake la kuwekea lilizidi MB 300, kwa hiyo nilishukuru sana kuletewa badala ya kulivuta kwa bando langu. Jambo la kwanza nililomuuliza ni lile ambalo ami angeliniuliza: hii nayo ya nani?

Baadaye niliifuatilia habari yake mwenyewe. Asili yake ni Ujerumani, ilikuwa ikiitwa StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ikainunua, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wake ili yeyote ausome na kuutumia, ikazaliwa OpenOffice.org. Mwaka 2010 Sun yenyewe ikanunuliwa na Oracle, na Septemba ya mwaka huo huo kundi kubwa la waliokuwa wakiitengeneza wakajitenga, wakaanzisha LibreOffice chini ya taasisi iitwayo The Document Foundation, ambayo makao yake yako Berlin. Ile OpenOffice nayo haikufa: mwaka 2011 ilikabidhiwa taasisi ya Apache, na hadi leo ipo kwa jina la Apache OpenOffice. Shikeni hapo kwamba ni ndugu wawili waliotoka tumbo moja. Nitarudi kwao, kwa sababu udugu huo ulinipotezea wiki mbili.

Leseni yake inaruhusu kuitumia dukani, kuinakili na kumpa jirani. Nilimwendea ami nikamweleza. Akasema, "Alhamdulillah," na mwezi uliofuata akarudi na orodha nyingine.

Sasa kazi ikaanza. Barua, mikataba na mitihani ya kawaida haikunisumbua, mkono ulizoea ndani ya siku nne tano. Shida ilikuja na binti mmoja aliyekuwa anamalizia chuo. Aliingia saa kumi jioni, "Assalaam alaykum, mama," akatoa utafiti wake, kurasa sitini na kitu. Anavuka kwa boti asubuhi kwenda Unguja kuukabidhi. Chuo kinataka kurasa za mwanzo, zile za shukrani, ikirari na yaliyomo, ziwe na namba za kirumi, na sura ya kwanza ianze na 1 ya kawaida.

Katika ile programu ya zamani nilikuwa naijua kazi hii kwa macho kufumba. Hapa nikaweka namba za kirumi, na kurasa zote sitini zikawa za kirumi. Nikarudisha, zote zikarudi. Nikajaribu mpaka isha ikaadhiniwa. Mwisho nikaukata utafiti wake vipande viwili, faili moja la kirumi na jingine la kawaida, na ukurasa wa yaliyomo nikauandika kwa mkono, mstari kwa mstari. Alipousoma akakuta aya moja imesahauliwa. Nikaiingiza, sura zote zikasogea, na ukurasa wa yaliyomo nikauandika upya. Aliondoka saa nne usiku, kaka yake kaja kumchukua kwa boda. Alinishukuru sana, na shukrani zile ziliniuma, maana nilijua nimemkawiza kwa jambo ambalo lazima lilikuwa na njia yake.

Nikaanza kutafuta kitabu.

Kila mtu atakwambia bonyeza F1. Nikabonyeza. Ikaniambia msaada haumo ndani ya komputa, niusome mtandaoni, na wakati ule mtandao nilikuwa sina. Nikadhani programu ya bure haina maelezo, ndiyo maana yake bure. Nilikosea. Kwa komputa za Windows, maelezo yanatolewa kama pakiti ya pembeni. Kwenye ukurasa ule ule wa kupakulia programu, chini ya kitufe kikubwa, kuna kiungo kidogo cha msaada wa kutumia bila mtandao, na ni wa MB chache tu. Aliyeniwekea programu aliuruka, kama wengi wanavyouruka. Ukiuweka, F1 inafanya kazi hata mtandao ukiwa umelala. Na ukibonyeza Shift pamoja na F1, kisha ukapeleka kishale juu ya kitufe chochote, kinajieleza chenyewe kina kazi gani. Hili pekee lingeniokoa mwezi mzima.

Lakini msaada wa F1 ni kama kumuuliza mpita njia: anakwambia kata kushoto, hakwambii mji umekaaje. Nilitaka kitabu cha kukaa nacho. Kipo, tena si kimoja. Kwenye menyu ya msaada kuna mahali pa miongozo ya watumiaji, na panakupeleka kwenye tovuti ya nyaraka, documentation.libreoffice.org. Pale kuna kitabu cha kuanzia, kinachogusa kila kitu kidogo kidogo, na kila sehemu ya programu ina chake: Writer ya kuandikia, Calc ya mahesabu, Impress ya maonyesho, Draw ya michoro, Base ya kuhifadhia data, Math ya fomula. Vinapakuliwa bure kwa PDF, na ambaye bando lake linahimili kusoma mtandaoni bila kupakua, vingi vimewekwa kama kurasa za tovuti kwenye books.libreoffice.org. Mimi nilivuta kitabu cha Writer usiku kwa simu, bando likiwa linakaribia kumalizika muda wake, nikakaa kukiangalia kile kimstari kinavyojaa.

Hapa ndipo wale ndugu wawili waliponichanganya. Kabla ya kufika huko nilikuwa nimeshapata kitabu kingine, kizuri, kikubwa, nikakisoma wiki mbili. Kikinipeleka kwenye menyu ya umbizo nitafute staili, mimi kwangu staili zina menyu yao wenyewe. Nikaona labda yangu imeharibika. Kumbe kilikuwa kitabu cha ndugu, cha OpenOffice. Mengi yanafanana, ndiyo maana sikushtuka mapema, lakini miaka yote hii kila mmoja amekwenda njia yake.

Basi kabla ya kuvuta kitabu chochote, ingia menyu ya msaada, chini kabisa pale pa kuhusu programu, usome jina na namba ya toleo. Namba nazo zina mambo yake. Ukisikia toleo la 7.6 na jingine la 24.2, usifikiri kati yao kuna matoleo kumi na saba makubwa yaliyopita. 7.6 ilitoka Agosti 2023, na iliyofuata ikaitwa 24.2, maana yake mwaka 2024 mwezi wa 2. Waliacha tu kuhesabu na kuanza kuandika tarehe. Vitabu huandikwa na watu wanaojitolea, kwa hiyo mara nyingi kitabu huchelewa nyuma ya programu. Usipokuta cha namba yako kamili, chukua cha namba iliyo karibu zaidi nyuma yake, kitakufaa.

Haya, kitabu ninacho. Mamia ya kurasa, kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha skuli na kamusi iko karibu, hilo halikunitisha. Nikafungua faharasa kutafuta namba za kirumi.

Katika programu ya zamani, ukitaka kurasa za mwanzo zitofautiane na za mbele, unaikata kazi katika seksheni. Neno hilo lilikuwa limenikaa kichwani miaka yote. Nikatafuta seksheni, nikaikuta. Nikayasoma maelezo yake yote, nikayafuata hatua kwa hatua, na namba hazikubadilika. Nikasoma tena. Siku tatu nilikuwa katika seksheni.

Kumbe Writer inazo seksheni, ila ni kitu kingine kabisa. Huku seksheni ni kipande cha maandishi unachokizungushia uzio, pengine ukigawe safu mbili, ukifiche, au ukifunge kisiguswe. Haina habari na namba za kurasa. Kinachoshika namba za kurasa huku kinaitwa staili ya ukurasa. Jina moja, vitu viwili. Nilikuwa nabisha hodi nyumba siyo, na kila nikibisha kweli mtu anafungua, ndiyo maana sikuondoka.

Nilipolijua hilo jina, kitabu kizima kikafunguka. Acha nieleze kama nilivyoelewa, maana hili ndilo linalowashinda wengi wanaohamia. Katika Writer ukurasa haubadilishwi peke yake. Kila ukurasa una staili yake, na ukiigusa staili, kurasa zote zilizo chini yake zinaguswa. Ndiyo sababu siku ile nilipoweka kirumi, zote sitini ziligeuka: zilikuwa zote za staili moja. Dawa yake ni kuwa na staili mbili. Unabonyeza F11, orodha ya staili inatokea pembeni, unachagua kitufe cha nne, cha kurasa. Unatengeneza staili mpya, mimi yangu nimeiita "Mwanzo", unaipa namba za kirumi, kisha unazivisha kurasa za mwanzo. Kurasa za mbele unaziacha na staili ya kawaida. Pale zinapokutana, unakwenda menyu ya kuingiza, unachagua mkato wa ukurasa unaouweka mwenyewe, unasema ukurasa unaofuata uwe wa staili ya kawaida, unatia tiki pa kubadili namba na kuandika 1. Basi. Ukisha unaziingiza namba kwenye kijachini, ile nafasi ya chini ya ukurasa, cha kila staili. Na kwa kuwa kazi yote iko katika faili moja, ukurasa wa yaliyomo unatengenezwa na programu yenyewe, aya ikiongezeka unauambia ujisasishe.

Kuna jambo moja dogo ndani ya hili, nilitaje kwa sababu linakula karatasi. Mteja wangu wa pili wa namba za kirumi alikuwa na kurasa saba za mwanzo. Nilipochapa, kati ya vii na 1 ikatoka karatasi nyeupe. Nikachapa tena, ikatoka tena. Kwenye skrini ukurasa huo haupo. Kitabu kinaeleza: Writer inafuata desturi ya vitabu, kwamba namba witiri hukaa upande wa kulia. Saba ni witiri, na moja ni witiri, haziwezi kufuatana, kwa hiyo inatia ukurasa mtupu katikati ili 1 iangukie kulia. Ukiwa unachapa upande mmoja wa karatasi hauuhitaji, na kwenye mipangilio ya kuchapa ya Writer kuna tiki ya kuuondoa. Nilipoisoma sababu yake hata hasira ilinitoka.

Baada ya hapo nikaanza kuona kwamba karibu kila nilipokwama nilikuwa nimekwama kwenye jina. Orodha za wachumaji katika Calc zinakwenda kurasa tatu nne, na mwenye shamba anataka ule mstari wa juu, wenye jina, pishi, bei na jumla, ujirudie kila ukurasa, asihangaike kurudi nyuma kuangalia safu ipi ni ya nini. Mimi nikatafuta heda. Nikapata namna ya kuandika kichwa cha ukurasa, tarehe na jina la faili, sicho nilichotaka. Mistari ya kujirudia imo chini ya eneo la kuchapa, kwenye menyu ya umbizo. Ukiwaza, ina mantiki, kwa sababu kwenye skrini mstari haujirudii, unajirudia ukichapa tu. Lakini huwezi kuwaza hivyo kabla hujaambiwa.

Na shahada za ami. Watoto 43, karatasi moja, jina linabadilika. Mwaka wa kwanza niliandika jina moja moja, nikikagua kila tahajia, maana mzazi akikuta jina la mwanawe limekosewa kwenye shahada ya Qur'ani hafurahi, na ana haki. Programu ina uwezo wa kuyachukua majina kwenye jedwali la Calc na kuyapanga yenyewe, ila kitabu kinauita uwezo huo kwa jina la kuunganisha barua. Mimi sikuwa na barua. Ningekaa na kitabu kile mpaka nizeeke nisingefungua sura yenye neno barua kutafuta shahada.

Ndipo nikanunua daftari. La kawaida, la kurasa 96. Nimelipiga mstari katikati: kushoto naandika kile tunachosema sisi dukani, kulia naandika kile kitabu kinachosema, na pembeni namba ya ukurasa. "Namba za kirumi mwanzo": staili ya ukurasa. "Mstari wa juu ujirudie": eneo la kuchapa. "Jina libadilike, karatasi ibaki ile ile": kuunganisha barua. "Maandishi yasikatike mtoto peke yake": haya ni maneno ya maalim mmoja wa skuli, anayechukia mstari mmoja wa aya ukibaki peke yake juu ya ukurasa. Kitabu nacho kinaiita mistari hiyo mayatima na wajane, kwa hiyo yeye na waandishi walikuwa wameshawaza kitu kimoja bila ya kukutana.

Neno lililonipendeza kuliko yote ni nanga. Picha ukiitia ndani ya maandishi, inafungwa mahali: kwenye ukurasa, kwenye aya, kwenye herufi, au inakaa kama herufi yenyewe katika mstari. Kamba hiyo kitabu kinaiita nanga, na kwenye skrini inachorwa nanga hasa. Alikuja katibu wa kikundi cha wavuvi na ripoti yenye picha za boti yao, akilalamika kwamba akiongeza mstari mmoja picha zinakimbia. Nikamwonyesha ile nanga. Nikamwambia hii imetiwa kwenye aya, aya ikisogea na yeye anasogea nayo, ukitaka atulie mtie nanga kwenye ukurasa. Akasema, "Basi nimeshafahamu," akakaa mwenyewe kwenye kiti akazirekebisha zote. Sikumfundisha zaidi ya hapo.

Nirudi kwenye kitabu kidogo, kuna kitu sijakisema. Vitabu hivi havitolewi kwa PDF tu. Vipo pia katika ODT, faili la Writer lenyewe, maana viliandikwa kwa Writer. Ukikifungua hivyo kitabu na kubonyeza F11, unaona staili zote walizotumia: vichwa vya sura wamevifanyaje, kijachini kimekaaje, ukurasa wa kwanza wa sura una staili gani na unaofuata una ipi. Ni kama fundi cherehani aliyekupa kanzu na kukuruhusu uifumue uone mishono. Mimi umbo la mitihani ninayochapa sasa nimelijenga kwa kuangalia mishono ile.

Na kwenye kurasa za mwanzo kuna majina ya walioandika na ukurasa wa haki. Nilipomaliza shahada za mwaka huu, zote 43 kwa mara moja, ami alikaa pale benchi akaniuliza kitabu nacho kimenunuliwa wapi. Nikamsomea ukurasa ule, nikimfasiria. Kinaruhusiwa kunakiliwa, kuchapwa, kugawiwa, hata kubadilishwa na kufasiriwa, chini ya leseni ya Creative Commons au ya GPL, na ile ya kwanza inataka waandishi watajwe na ukibadilisha useme umebadilisha. Akauliza, "Na hawa wamelipwa na nani?" Nikamwambia wengi wao wamejitolea tu. Yuko mmoja, Jean Hollis Weber wa Australia, jina lake nimelikuta kitabu baada ya kitabu. Ami akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Hebu nisomee na hao wengine." Nikamsomea orodha yote, majina mengine siyajui hata yanatamkwaje.

Vitabu hivyo vimefasiriwa kwa lugha kadhaa. Nimeona vya Kijerumani, Kihispania, Kicheki, Kireno cha Brazil. Cha Kiswahili nimekitafuta na sikukiona. Hili linanikera kwa sababu programu yenyewe ilishavaa Kiswahili zamani: Desemba 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa lugha yetu. Ilikuwa kazi kubwa, neno kwa neno, wakati ambao wengi wetu hatujagusa komputa. Hadi leo ukiangalia orodha ya lugha za LibreOffice utaikuta Kiswahili cha Tanzania, na kamusi yake ya tahajia ipo. Mwenye kuchapa Kiswahili kutwa nzima na kuona kila neno limepigiwa mstari mwekundu aiweke leo hii. Wakati wa kuweka programu usikubali ule uwekaji wa haraka, chagua wa kujichagulia, utie tiki penye Kiswahili.

Lakini menyu ikiwa ya Kiswahili na kitabu cha Kiingereza, mtu anabaki katikati ya maji. Ndiyo maana naona daftari langu lina kazi kubwa kuliko nilivyolikusudia. Limefika maneno 118. Nimeanza kulichapa katika ODT, nimewataja waandishi wa kitabu mbele kama leseni inavyotaka, na kila neno lina namba ya ukurasa wa kitabu cha Writer au Calc. Sijamaliza, ila lililopo linasomeka. Ukipita Chake njoo na flashi, utalichukua pamoja na vitabu vyenyewe na ile pakiti ya F1, usipoteze bando.

Neno lililonishinda kwa sasa ni kile kisanduku ambacho Writer inaweza kutia maandishi ndani yake na kukisogeza popote ukurasani. Nimekiandika fremu, kama kitabu, lakini mteja wangu seremala aliniambia fremu ni ya mlango na hakuelewa kabisa nilichokusudia. Kisanduku nacho nimeshalitumia kwa pale pa kutia tiki. Jirani yangu anayeuza vitambaa kapendekeza kiraka, na mimi naona kiraka ni kitu kilichoshonewa, hakisogei. Mwenye neno aniandikie hapa chini.